Chenji ya Kila Nyumba

Steshenari ninayochapishia kazi zangu hapa Morogoro ina madirisha mawili na kompyuta mbili. Intaneti yake inatoka nyumba ya nyuma, kwa mwenye nyumba, ambaye ruta yake imetundikwa sebuleni. Yeye na mama mwenye duka wanachangiana bili ya mwezi. Mawimbi yanapenya dirisha la uani, yanafika kwenye laptopu iliyowekwa pale pale chini ya dirisha, na yanaishia hapo. Kompyuta ya mezani, ile iliyounganishwa na printa na skana, ile iliyobeba mafaili ya wateja, iko upande wa barabarani, hatua nane kutoka dirisha la uani, na haina kifaa cha kudaka waifai. Basi mtu akija kujaza fomu, mama anamkalisha kwenye laptopu. Ikifika mahali pa kuambatisha cheti, cheti kinaskaniwa upande wa pili, kinaingizwa kwenye flashi, flashi inavushwa. Siku za mwisho za maombi ya mikopo ya wanafunzi flashi ile inavuka chumba kutwa nzima, na mstari wa wanaosubiri unafika barazani.

Jumamosi moja mama alimwita fundi. Kijana wa miaka kama thelathini, begi mgongoni. Akatuamkia, akavua begi, kisha akasimama katikati ya chumba bila kugusa kitu. Alitazama dirisha, akatazama soketi za umeme, akamulika nyuma ya kompyuta ya mezani kwa tochi ya simu, akahesabu hatua kwa kufuata ukuta. Huko kutazama ni kazi, na mafundi wengi hukuruka.

"Mama, hii laptopu huwa unaondoka nayo jioni?"

"Siondoki nayo, mwanangu. Inalala humuhumu, naifungia kabatini."

"Na mchana inakaa papo hapo dirishani?"

"Papo hapo. Nikiisogeza tu, intaneti inakata."

"Basi itamgawia mwenzake kwa waya. Tungeweza kuchomeka kifaa kidogo cha waifai kwenye hii kubwa, bei yake si mbaya, lakini pale ilipo mawimbi hayafiki. Kingehangaika bure."

Alitoa bunda la waya wa kijivu. Hakupima kwa kukatisha chumba. Alipima kwa kupita chini ya ukuta, akazunguka kizingiti cha mlango, akaongeza mkono mmoja kila upande, maana waya mfupi haurefuki na meza za dukani huhama. Waya wa aina hii unaruhusiwa kufika mita 100. Wake haukufika kumi na mbili.

Kisha akakaa kwenye benchi, nami nikavuta stuli karibu.

Ganda la nje alilichana kwa kuzungusha kisu kidogo mara moja tu, bila kukandamiza. Akalikunja hadi likapasuka lenyewe pale alipolichora. Akiukata kwa nguvu, alinieleza, wembe unagusa nyuzi za ndani, na uzi uliochubuka utafanya kazi leo ukatike mwezi wa tatu, siku ambayo hakuna atakayekumbuka ulichubuliwa na nani. Akazikagua nyuzi nane moja moja kwenye mwanga wa mlangoni. Zilikuwa salama.

Nyuzi hizo zimo ndani ya ganda kwa jozi nne, kila jozi imesokotwa yenyewe kwa yenyewe kama ukindu. Mbinu ya kusokota jozi ni ya Alexander Graham Bell, aliyepata hataza yake mwaka 1881 kwa ajili ya simu, na mpaka sasa haijapatikana njia rahisi kuishinda. Nyuzi mbili za jozi moja zinabeba ujumbe uleule, mmoja ukiwa umegeuzwa: huu ukipanda, ule unashuka. Kelele ya umeme kutoka kwenye feni au taa ya mrija inazipiga zote mbili kwa nguvu ileile, kwa sababu kwa kusokotwa zinapokezana kuwa karibu na kelele. Upande wa pili unapokea tofauti kati ya hizo mbili tu, na kwa kuwa kelele ni sawa kwenye zote, tofauti yake ni sifuri. Inajifuta. Ujumbe unabaki. Tena ukizisogeza jozi nne karibu na jicho utaona hazikusokotwa kwa kiasi kimoja; moja imekazwa sana, nyingine imelegezwa kidogo, ili jozi na jozi zisisikilizane. Nimeishi miaka mingi nikizipita nyaya hizi chini ya meza, nikidhani ndani mna shaba basi.

Kwa hiyo msokoto ndio mali. Ili kuziingiza kwenye kichwa cha plastiki lazima nyuzi zifumuliwe, na kila milimita inayofumuliwa ni mlango wa kelele. Kanuni ya kazi inasema isizidi milimita 13. Fundi alifumua pungufu ya ukucha wa dole gumba. Akazinyoosha kwa kuzisugua katikati ya vidole, akaanza kuzipanga huku akitaja rangi kwa sauti ya chini, kama mtu anayevuta uradi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Akazikata mstari mmoja, ncha zikawa sawa kama meno ya kitana. Akazisukuma ndani ya kichwa, akakigeuza, akakiangalia kwa mbele: vidoa vinane vya shaba viking'aa nyuma ya plastiki, hakuna kilichobaki nyuma. Hapo tu ndipo alipochukua koleo la kubania. Ka! Akauvuta waya kwa nguvu kuona kama kichwa kitatoka. Hakikutoka.

Niliuliza kwa nini kijani wawili wametenganishwa, bluu wamekaa katikati yao. Mpangilio ule niliuona kama kosa la kuandika. Akaniambia vichwa hivi vimerithi desturi ya simu za mezani, ambamo jozi ya kwanza hukaa katikati kabisa na jozi ya pili huizunguka. Kisha akaweka koleo chini, akanisimulia jambo ambalo naliona ndilo kiini cha ufundi wake.

Alipokuwa anajifunza aliona upangaji huo unachosha. Akapanga jozi zote kwa kufuatana, chungwa wawili, kijani wawili, bluu wawili, kahawia wawili, pande zote mbili sawasawa. Akachomeka kipima waya, taa nane zikawaka zote kwa mfuatano. Akakabidhi kazi, akalipwa. Baada ya siku mbili aliitwa: mtandao unashikika, lakini faili kubwa linakwama, kurasa zinafunguka nusu. Alihangaika na kompyuta siku nzima. Kipima waya kilikuwa kimesema kweli, kwamba kila uzi umefika ng'ambo. Hakikuulizwa swali la pili, kama nyuzi zinazosemezana zimesokotwa pamoja. Kwa mpangilio wake, uzi mmoja wa ujumbe ulikuwa umesokotwa na mwenzake wa jozi hii, wa pili na wa jozi nyingine, na kelele haikuwa na namna ya kujifuta. "Tangu siku hiyo," alisema, "taa nikiiona imewaka, najiuliza imejibu swali lipi."

Kichwa cha pili alikifunga tofauti na cha kwanza, na alifanya makusudi. Kijani wakachukua nafasi ya chungwa, chungwa nafasi ya kijani. Kwenye kadi za mtandao za kasi ya megabiti 100, pini ya 1 na ya 2 ndizo kinywa, ya 3 na ya 6 ndizo sikio. Kompyuta ikiunganishwa na ruta au swichi, kifaa hicho kimegeuzwa tangu kiwandani, kinywa kinakutana na sikio. Lakini kompyuta kwa kompyuta, kwa waya ulionyooka, ni kinywa kwa kinywa. Wote wanasema, hakuna anayesikia. Waya wa kukatiza, wenye vichwa viwili tofauti kama huu, unawapatanisha. Kadi mpya hutambua hali hiyo na kujigeuza zenyewe, na laptopu ya mama ni mpya kiasi hicho, hivyo waya wa kawaida ungetosha. Nilimuuliza basi kwa nini anajisumbua. Akasema laptopu hii ikiharibika, mama ataleta nyingine, na hiyo nyingine inaweza kuwa ya zamani kama hii ya mezani. Akazungushia ncha zote mbili utepe mwekundu ili mtu asije akauchukua waya huo siku moja akidhani ni wa kawaida. Anamfanyia wema fundi asiyemjua.

Alipochomeka pande zote mbili, taa ya kijani ikawaka nyuma ya kompyuta ya mezani, na ya manjano kando yake ikaanza kupepesa. Mama akapiga makofi. Fundi akatabasamu, akamwambia bado.

Sasa laptopu ina njia mbili: waifai upande mmoja, waya upande wa pili. Nilidhani kazi iliyobaki ni kuzibandika pamoja, maji yapite kama kwenye bomba. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa, na maelezo aliyonipa nimeyarudia kichwani mara nyingi tangu siku ile.

Waifai ina daftari mlangoni. Kifaa kinapojiunga kinaandikishwa kwa namba yake ya kiwandani, kinapewa funguo zake za siri, na kuanzia hapo ruta inapokea maneno ya aliyeandikishwa peke yake. Laptopu ikijaribu kupitisha pakiti, yaani barua, za kompyuta ya mezani zikiwa na namba ya mwenyewe, ruta itazitupa, maana haimjui huyo. Tena barua ya kawaida ya mteja wa waifai haina hata nafasi ya kuandika kwamba nimetumwa na fulani. Imebaki njia moja: laptopu iseme kila kitu kwa jina lake yenyewe, cha kwake na cha mwenzake, na ikumbuke kipi ni cha nani.

Wengi wetu tumelelewa na kazi hiyo. Mama anakutuma dukani mafuta ya kula. Unapopita mlangoni kwa jirani, anakuita: nawe nichukulie nusu ya sukari, hela hii hapa. Mwenye duka hamjui jirani yako na wala hana haja ya kumjua. Anakujua wewe, anakupa wewe, chenji anakurudishia wewe. Ujanja wote uko njiani kurudi. Ole wako uchanganye chenji za nyumba mbili.

Laptopu ndivyo ifanyavyo, ila mara maelfu kwa dakika. Kompyuta ya mezani inapoomba ukurasa, pakiti yake inatoka na anwani ya ndani, tuseme 192.168.137.45, na namba ya mlango, tuseme 51200. Laptopu inaifuta anwani hiyo na kuandika ya kwake. Namba ya mlango ikiwa imeshachukuliwa na shughuli nyingine, inaibadili. Inakokotoa upya hesabu ya uhakiki iliyomo ndani ya pakiti, kwa sababu barua iliyobadilishwa jina bila kubadilishwa hesabu ingetupwa huko iendako. Kisha inaandika mstari mmoja kwenye jedwali lake: wa mlango huu, rudisha kule. Jibu likifika, inasoma mstari, inarudisha anwani ya kwanza, inapitisha. Namba za milango zipo 65,536, kwa hiyo kumbukumbu yake ni pana kuliko ya mtoto yeyote wa kutumwa. Wakati huohuo yenyewe ina kurasa zake inazozifungua, na mwanafunzi aliyekaa mbele yake hahisi chochote.

Walioandika mbinu hii kwa mara ya kwanza kama waraka wa wazi ni Kjeld Egevang na Paul Francis, Mei 1994, katika RFC 1631. Waliihitaji kwa sababu ya uhaba. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani ni 4,294,967,296, idadi iliyoonekana kama bahari wakati inapangwa na ikaanza kukauka mapema. Wao waliileta kama suluhisho la muda mfupi, la kusubiria lile la kudumu. Februari 1996 yakathibitishwa rasmi mafungu ya anwani za ndani ambazo kila nyumba inaweza kuzitumia bila kugombana na nyumba nyingine, lile linaloanza na 192.168 likiwamo. Mafungu ya mwisho ya anwani za hazina kuu ya dunia yaligawiwa Februari 2011, na suluhisho la muda mfupi bado liko kazini. Fomu ya mwanafunzi inayotoka katika duka hili inabadilishwa jina la mtumaji na laptopu, kisha inabadilishwa tena na ruta ya mwenye nyumba, kabla haijafika barabara kuu. Jibu linarudi likivuliwa majina hayo moja baada ya jingine, hadi kwenye kiti cha binti aliyekuwa akisubiri siku hiyo, ameshika bahasha ya vyeti. Kwangu hilo linastahili kustaajabiwa hata na mtu anayelitumia kila siku.

Kugawana si jambo geni kwetu. Kabla kebo ya SEACOM haijaanza kazi Julai 2009 na kutufikia Dar es Salaam na Mombasa kwa njia ya bahari, vibanda vya intaneti vya miji yetu viliishi kwa kamba moja ghali ya setilaiti iliyogawiwa kompyuta kumi au kumi na mbili, na mteja akilipia kwa nusu saa. Na tangu mwaka 1999, toleo la pili la Windows 98 lilipoleta huduma hii ndani yake, kompyuta ya kawaida ya nyumbani imeweza kufanya kazi ya kutumwa bila kununuliwa programu ya ziada.

Kuiwasha ni kazi ya dakika moja, kwa anayejua aguse wapi. Alifungua orodha ya miunganisho ya mtandao kwenye laptopu. Anayeanza hukosea hapa: anakwenda kwenye waya, kwa sababu waya ndio mpya, ndio anaotaka ufanye kazi. Fundi alikwenda kwenye waifai. Anayegawa ni aliyenacho. Akafungua sifa zake, akaingia ukurasa wa kushirikisha, akaweka tiki kuruhusu wengine wapite, akachagua waya kuwa njia ya kupitishia. Ikatokea ilani kwamba upande wa waya utapewa anwani 192.168.137.1. Akakubali. Kuanzia hapo laptopu ni mlango, ni mgawa anwani, na ni mjibu maswali ya majina, vyote kwa pamoja.

Tukahamia kompyuta ya mezani. Haikuwa na intaneti.

Mama alishika kiuno. Fundi hakubadilika hata kidogo usoni, na hakurudi kwenye laptopu kubofya hiki na kile kama nilivyozoea kuwaona wengine. Alifungua kidirisha cheusi cha amri, akauliza swali moja: wewe anwani yako ni ipi? Jibu likaja: 169.254, na namba mbili nyingine. Akanionyesha kwa kidole.

Kompyuta inapochomekwa kwenye waya haijui iko wapi wala jirani yake ni nani. Inapiga hodi kwa wote: jamani, yupo wa kunipa anwani? Akiwapo, anaitika karibu na kutaja anwani, kompyuta inaikubali, mwenye nyumba anaithibitisha. Asipoitika mtu, inarudia hodi mara kadhaa, kisha inajipa yenyewe anwani ya fungu la 169.254, kama mgeni asiyefunguliwa aliyejitandikia mkeka barazani. Namba hiyo inasema mambo mawili kwa wakati mmoja: nilipiga hodi, na sikujibiwa. Waya ulikuwa umechomekwa kabla laptopu haijawekwa tiki. Hodi ilipigwa nyumba ikiwa haina mtu. Akaiamuru ipige tena. Sekunde mbili, ikajibu 192.168.137 na namba yake ya mwisho.

Swali la pili: unamsikia jirani yako? Alitumia ping, programu ndogo aliyoiandika Mike Muuss Desemba 1983 katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Marekani, akaipa jina la mlio wa sona. Inatuma neno moja na kusubiri lirudi. Akaita 192.168.137.1. Majibu manne yakarudi, kila moja chini ya milisekunde moja. Basi waya ni mzima na laptopu inasikiliza. Swali la tatu, la mbali: akaita 8.8.8.8, seva ya majina ya Google iliyo wazi kwa umma. Majibu manne tena, safari hii yakichukua muda kidogo. Basi laptopu inapitisha, ruta inapitisha, bili imelipwa. Swali la nne: akaita tovuti kwa jina badala ya namba. Kimya. Haijulikani, ikasema.

Nilianza kufurahi kwa niaba yake, kwa sababu hata mimi nilishaona tatizo limebanwa kwenye kona. Anayefika kwa namba na kushindwa kwa jina hana shida ya barabara. Kitabu chake cha majina ndicho kibovu. Alifungua mipangilio ya kadi ya mtandao, na humo akakuta mtu ameandika kwa mkono anwani ya seva ya majina, 10.0.0.5. Mama aliinunua kompyuta hii ikiwa imetumika ofisini kwa watu. Hiyo seva ilibaki hukohuko ofisini, na kompyuta iliendelea kuiuliza majina miaka yote. Akaifuta, akaiachia ipokee kutoka kwa laptopu. Akaita jina tena, likajibu.

Akafungua kivinjari, akaandika anwani ya ukurasa wa maombi. Kikakataa. Kikasema muunganisho si salama, rudi nyuma.

Nakiri hapo mimi ningekata tamaa na kuulaumu waya. Yeye alitazama kona ya chini ya skrini. Tarehe ilikuwa Januari 2012.

"Mama, mafaili yako ukiyapanga kwa tarehe, yanakaa vizuri?"

"Hayajawahi. Yote yanasema siku moja. Nimezoea kutafuta kwa jina la mteja."

Betri ndogo ya ndani, inayoilinda saa wakati umeme umezimwa, ilikuwa imekufa zamani, hivyo kila asubuhi kompyuta iliamka palepale ilipoanzia. Kwa kuchapisha na kuskani haikumdhuru mtu. Lakini tovuti yenye kufuli hujitambulisha kwa cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho. Kwa kompyuta iliyoko mwaka 2012, cheti cha mwaka huu kilikuwa bado hakijazaliwa. Kivinjari kilikuwa sahihi kabisa kukataa. Fundi alizima, akachomoa umeme, akafungua kasha, akapuliza vumbi, akang'oa betri ya CR2032, duara kama sarafu, akaweka nyingine kutoka kwenye mfuko wa begi. Akawasha, akaweka tarehe. Ukurasa ukafunguka.

Binti aliyekuwa anasubiri alisogezewa kiti. Cheti kikaskaniwa na kuambatishwa hapo hapo, kwenye mashine ileile. Flashi ilikuwa mezani, haijaguswa.

Ningeliandika hadi hapa tu ingetosha kwa sifa, lakini hakuondoka. Huduma hii ya kugawana ikikaa dakika nne bila pakiti kupita, husinzia, na mashine ikizimwa na kuwashwa huenda isiamke yenyewe. Akaipanga iwe inaanza pamoja na mashine, kisha akaizima laptopu kabisa mbele yetu na kuiwasha ili aone kwa macho. Binti alishamaliza, kwa hiyo hakukuwa na wa kumkatizia. Ilirudi. Hata hivyo akachukua daftari la mauzo la mama, akaandika nyuma ya jalada kwa herufi kubwa: IKIGOMA, TOA TIKI, KISHA IRUDISHE. Chini yake akaandika 192.168.137.1, na neno moja: LAPTOPU.

"Na mimi huwa naifunika," mama alisema. "Vumbi la barabara hili. Nikiifunika si italala?"

"Nilitaka uniulize hilo, mama."

Alibadili mipangilio ya umeme ili laptopu ikifunikwa, ikiwa imechomekwa, isilale. Akarudi kwenye kompyuta ya mezani, akaanzisha ping isiyokoma, majibu yakawa yanashuka kwenye skrini nyeusi mstari baada ya mstari. Akamwambia mama aende akafunike mwenyewe. Mama akavuka chumba, akashusha kifuniko taratibu kwa vidole viwili, akabaki ameuweka mkono juu yake huku akitugeukia. Sisi watatu, mimi, fundi na binti aliyekuwa hajaondoka bado, tulikuwa tumeinamia skrini ya upande wa barabarani. Jibu lilikuja. Likaja jingine. Fundi alihesabu hadi ishirini kabla hajaanza kuokota vipande vya nyuzi sakafuni, chungwa, bluu, kijani, akivitia kwenye kiganja.